Kilo Arobaini na Tisa za Bi Siwema

Nchi hiyo ipo, ila ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, maana kila wachoraji walipokwenda kuichora waliwakuta wenyewe wako mkutanoni. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina minazi, ina viongozi wengi kuliko mito na minazi, na sifa yake kubwa ni kushirikiana. Huko hata choo cha shule kikijaa, huitwa kwanza wataalamu wa nchi mbili waje wakubaliane kwamba kimejaa.

Katika ushirikiano wote huo, hakuna uliopendwa kama ule wa kupambana na dawa za kulevya. Nchi rafiki tatu, Nchi ya Theluji, Nchi ya Jibini na Nchi ya Saa, zilikaa, zikanywa kahawa, zikaamua kusaidia utunzaji wa mzigo unaokamatwa. Ndivyo watu wa kule wanavyoyaita mambo hayo: mzigo. Msaada wa kwanza ukawa kufuli la Ghala Kuu la Vielelezo. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe na lilikuwa na tundu tatu, kila tundu na ufunguo wake, na kila ufunguo ukachukuliwa na nchi moja ukawekwa kwao, kwenye kabati, ili mwizi akitaka kuiba apande ndege tatu.

Kufuli likafungwa, watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata ukakamatwa mzigo mwingine na hapakuwa na pa kuupitishia. Basi wakavunja ukuta wa uani, wakatia mlango wa mbao, na mlango ukapewa komeo la waya lililotokana na utambo wa ndoo. Mlango wa mbele ukabaki kuwa wa ushirikiano, wa nyuma ukawa wa kazi.

Msaada wa pili ndio uliotia watu homa. Nchi rafiki zilisema, sisi tunawaamini sana, kwa hiyo tunawawekea mizani. Sakafu yote ya ghala ikang'olewa, ikawekwa mizani moja pana, ghala zima likawa linakaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Kila siku saa sita kamili za mchana, mizani ilijipima yenyewe, na tarakimu ikaruka mpaka kwenye miji mikuu mitatu kabla mwadhini hajashusha mikono. Dakika hiyo ilikuwa marufuku kiumbe yeyote kukanyaga sakafu ya ghala, hata paka. Uzito ukiwa uleule, nchi rafiki zililala. Uzito ukipungua, simu nyekundu ya Kamishna Mkuu ililia, na ushirikiano ulikuwa unaweza kufa siku hiyohiyo, na magari yake, na safari zake, na viyoyozi vyake.

Mtu aliyeijua mizani hiyo kuliko walioifunga alikuwa Bi Siwema, mfagiaji na mpika chai wa ghala kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mama wa makamo anayekwenda na umri, mfupi, mwenye subira ya jiwe la kusagia. Alijua kila kilo moja ya mzigo iliyotoka mlango wa nyuma ikiwa imefunikwa koti la mkubwa fulani, na alijua kwamba nyuma yake iliingia kilo moja ya mchanga wa ufukweni, iliyopimwa kwa uaminifu mkubwa. Hakuambiwa na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akiufagia ule unaomwagika.

Hakusema kitu. Alikuwa na lake la kumtosha, na lake lilikuwa na jina, Makame.

Makame alikuwa mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na moja, fundi makochi. Zamani za uzima wake alishona kiti cha ofisi ya Kamishna Mkuu, kile cha ngozi chenye vifungo, ambacho Kamishna alikisifu akasema kinampa mawazo. Kisha akaonjeshwa mzigo na rafiki, na rafiki akafa, na Makame akabaki na mzigo. Aliuza cherehani, akauza sufuria za mama yake, akauza mlango wa jikoni ukiwa bado una bawaba, na akamwomba mnunuzi amsaidie kuubeba.

Bi Siwema alikuwa amekwenda mara saba kwenye Nyumba ya Kupata Nafuu. Ilikuwa moja tu nchi nzima, ya vitanda vinane, zawadi ya nchi rafiki. Mara ya mwisho alimkuta mpokezi akipaka kucha rangi.

"Leo nafasi ipo, mwanangu?"

"Vitanda vinane vyote vina watu, Mama."

"Wagonjwa?"

"Washiriki. Wana warsha ya siku kumi."

"Wanaumwa nini?"

"Hawaumwi. Wanajadili uhaba wa vitanda." Mpokezi akapuliza kidole gumba. "Jaza fomu hii. Jina, umri, uzito. Uzito uwe wa kweli, wenzetu wa nje wanapenda sana uzito."

Bi Siwema akamchukua mwanawe kwa muuza mkaa, maana ndiye aliyekuwa na mizani ya kuning'iniza. Makame akashika ndoana kwa mikono miwili, akakunja miguu. Muuza mkaa akatazama, akatikisa kichwa. "Arobaini na tisa. Bi Siwema, gunia langu la kati linamzidi." Fomu ikajazwa, ikapelekwa, ikawekwa juu ya fomu sita za kwanza, na juu yake kikawekwa kikombe.

Sasa ikatokea Jumanne moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkubwa mmoja alikuwa ameazima mzigo ghalani, akaahidi kwamba mchanga wake utakuja asubuhi. Mchanga ulikuja kweli, lakini lori likakamatwa njiani na Idara ya Kuhifadhi Fukwe, ambayo nayo ilikuwa na ushirikiano wake na nchi rafiki nyingine tatu, wa kuzuia watu wasichote mchanga. Ushirikiano ukakutana na ushirikiano barabarani, na hakuna aliyetaka kupisha.

Ilipogonga saa tano, Kamishna Mkuu Tabaruki alikuwa amesimama uani amevua kofia. Alikuwa mtu mkubwa, kilo mia na nne pamoja na nishani. Mlinzi wa ghala, Afande Kibwana, mzee mwembamba aliyeishi kwa daftari, alimsomea hali halisi.

"Pungufu kilo arobaini na tisa, mheshimiwa."

"Tia mawe."

"Mawe ni ya Idara ya Miamba, mheshimiwa. Wana ushirikiano."

"Tia maji kwenye mapipa."

"Mapipa yanavuja."

Wakamleta beberu. Beberu alikuwa na kilo arobaini na moja tu, na katika muda mfupi aliokaa ndani alikula jalada la kesi mbili. Akatolewa. Ikawa saa tano na nusu. Kamishna akaanza kuitazama simu nyekundu kama mtu anayetazama nyoka aliyelala.

Bi Siwema aliweka chini sinia la chai.

"Mheshimiwa, mimi nina kilo arobaini na tisa nyumbani."

Wote wakamgeukia. "Za nini?" akauliza Kamishna.

"Za mwanangu. Mgonjwa wa mzigo. Anataka mahali pa kulala na mtu wa kumzuia asitoke. Nimepima kwa muuza mkaa."

Mwanasheria wa idara akaitwa, akaulizwa kama mtu anaweza kuwa kielelezo. Akafikiri, akakuna shingo. "Mtu akivuta miaka tisa mfululizo, mheshimiwa, tatizo la kisheria si kwamba mzigo umo ndani ya mtu. Tatizo ni kama bado mna mtu nje ya mzigo. Mimi naona anapita."

Bi Siwema hakungoja ufafanuzi. Alikwenda nyumbani kwa mwendo ambao alikuwa hajautumia tangu harusi yake, akarudi amemshika Makame mkono. Makame hakuuliza wanakwenda wapi. Siku hizo alikuwa akienda popote anakovutwa. Afande Kibwana akamvisha kibao shingoni, KIELELEZO NAMBA 312, akaandika kwenye daftari: kimepokewa kizima, hakina ufa. Akatia sahihi. Na kwa Afande Kibwana, alichokitilia sahihi kilikuwa hakitoki mpaka kitolewe kwa sahihi.

Makame akaingizwa, waya ukafungwa, ikagonga saa sita. Simu nyekundu ikakaa kimya.

Alipozoea kiza cha ghala, Makame akasoma maandishi yaliyokuwa juu ya magunia, na moyo ukamruka. Tani mbili. Yeye, aliyeuza mlango kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa ukucha, amefungiwa na tani mbili, na mlango wamefunga wao. Akafikiri pengine amekufa na alikuwa mtu mwema bila kujijua.

Akatoboa gunia la kwanza. Mchanga. Akatoboa la pili. Mchanga, na kombe. La tatu lilikuwa na mchanga mwekundu wa bara. Mpaka jioni ametoboa magunia arobaini na mawili, na mali aliyoipata ni kiatu kimoja cha Kamishna aliyetangulia. Akaja kwenye upenyo wa mlango, jasho linamtiririka, arosto, ile homa ya kukosa mzigo, imeshaanza kumshika.

"Mama."

"Naam."

"Hamna kitu humu. Hata harufu."

"Najua, baba."

"Mama, hii nchi ina wezi." Akasema kwa uchungu wa kweli, mtu ambaye sufuria za mama yake bado ziko kwa jirani. "Wamechukua chote. Hawakuacha hata cha kusingizia."

"Funga hayo magunia, mwanangu. Huo mchanga ni wa serikali."

Siku nne zilizofuata hazikuwa na kichekesho. Makame alitapika, akatetemeka, akalia kama mtoto, akamtukana mama yake matusi ambayo mama alikuwa hajui kama anayajua. Bi Siwema aliweka kigoda nje ya mlango wa uani akakaa. Akampitishia uji kwa kata, akampitishia maji, akampitishia khanga ya kujifunika. Makame akaomba atoke, dakika moja tu, akanyooshe miguu. Afande Kibwana akafungua daftari, akalitazama, akalifunga.

"Tulia, kielelezo. Hujaandikiwa kutoka."

"Mimi ni mtu, afande."

"Kwenye ukurasa wangu wewe ni namba. Kesho utanishukuru, leo nitukane tu, nimezoea, nina wakwe."

Siku ya tano Makame akalala. Siku ya saba akaomba uji mwenyewe, uwe na sukari. Wiki ya tatu akaomba ndizi za nazi na dagaa, na Bi Siwema akageuza uso upande wa ukuta akajifanya anakohoa.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza kunenepa.

Ijumaa moja simu nyekundu ililia, na Kamishna Tabaruki akaipokea amesimama kwa miguu miwili ya hofu. Alikuwa ni Mama Gudruna, mkuu wa ujumbe wa nchi rafiki, mwanamke mrefu aliyejifunza lugha ya kule kwenye kitabu na kuimaliza yote.

"Mheshimiwa Kamishna, shehena yenu imeongezeka kilo tatu. Hongera. Mmekamata bila risasi?"

Kamishna akakaa kitini. "Bila risasi, Mama. Kwa akili tu."

Wiki iliyofuata zikaongezeka mbili. Kamishna akaitisha waandishi wa habari. "Ndugu wananchi," akasema, "zamani tulikuwa tukimfuata adui alipo. Hiyo ilikuwa mbinu ya kizamani na inachosha magari. Leo tumefikia hatua ambapo adui anaongezeka mwenyewe ndani ya ghala letu. Hizi ni kilo zilizojisalimisha." Watu wakapiga makofi. Operesheni ikapewa jina, na jina likapewa wimbo, na wimbo ukapewa kamati.

Aliporudi ofisini alimwita Bi Siwema faragha.

"Kile kielelezo chako kinakula nini?"

"Maharage, mheshimiwa. Na dagaa."

"Kiongezee nyama. Nchi inakitazama."

Basi Makame akawa analetewa supu ya kongoro asubuhi na pilau la wageni wa serikali mchana. Akafika kilo hamsini na nane, akafika sitini na moja. Mikono ikarudi kuwa ya fundi, ikawa haitulii. Akaomba sindano ya kushonea magunia, akayashona yote arobaini na mawili aliyoyatoboa, kisha akayapanga yale ya mchanga laini akatengeneza kochi la watu watatu, na Afande Kibwana akawa anakaa hapo jioni kusikiliza mpira. Miezi minne ikapita. Makame alikuwa na kilo sitini na sita na shavu la kushikika.

Jioni moja mama yake alimuuliza kupitia upenyo, "Ukitolewa leo, utaweza?"

"Naogopa, Mama. Huko nje kila kona kuna mzigo. Humu ndani tu ndimo hamna."

"Basi tutangoja kidogo."

Lakini hawakungojewa. Barua ikaja yenye mihuri mitatu. Nchi rafiki zimefurahishwa mno na ongezeko, zimeamua kuja na funguo zote tatu, kufungua mlango wa mbele kwa mara ya kwanza na kuteketeza vielelezo vyote kwa moto, mbele ya umma, siku ya Jumamosi, saa sita na dakika tano, mara baada ya mizani kusomwa kwa mara ya mwisho. Orodha imeambatishwa. Bi Siwema aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, elimu yake ilikuwa ya madarasa matatu na yalikuwa yanatosha. Mstari wa chini kabisa: namba 312, kiteketezwe.

Akaenda kwa Kamishna. Kamishna alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha vifungo alichokishona Makame, anajifunza hotuba.

"Mheshimiwa, namba mia tatu na kumi na mbili ni mwanangu."

"Nafahamu, Bi Siwema. Nchi inamshukuru."

"Naomba atolewe."

"Kabla ya saa sita uzito utashuka kilo sitini na sita, simu italia, aibu ya taifa. Baada ya saa sita orodha imeshasainiwa na nchi tatu. Kufuta mstari mmoja kunahitaji kikao." Akavua miwani akamtazama kwa huruma ya mtu mwenye kazi nyingi. "Usiwe na wasiwasi. Serikali italifikiria suala lako baada ya kuchomwa."

"Baada ya kuchomwa, mheshimiwa?"

"Mara tu baada."

Bi Siwema akaokota vikombe vitupu, akavipanga kwenye sinia. "Ahsante, mheshimiwa," akasema, maana huko kwao mtu mzima hatoki kwa mkubwa bila ya kushukuru, hata akiwa ameambiwa mwanawe atachomwa.

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo haipatikani kwingine: mgeni hapokewi kabla ya kupokewa kwa majaribio. Mkubwa wa shughuli hufika mapema, akapita kila mahali mgeni atakapopita, akashangaa kila mahali mgeni atakaposhangaa, na akishamaliza kushangaa ndipo shughuli huwa tayari. Bi Siwema aliijua desturi hiyo. Kwa miaka kumi na tisa aliifagilia njia.

Jumamosi, saa tano na nusu, Kamishna Tabaruki akafika na nishani zake zote. Mbele, kwenye uwanja, viti vimejaa, brasbendi inajaribu matarumbeta. Alishangaa getini, akashangaa kwenye zulia. Kisha akaja uani, maana ndani ya ghala nako ilibidi ashangae, na mlango wa mbele hauna ufunguo.

"Karibu, mheshimiwa," Bi Siwema akamfungulia waya. "Kidogo tu nilitaka kukuuliza. Kile kibao cha mia tatu na kumi na mbili hakina jina la aliyekamata. Wageni si watauliza ni kazi ya nani?"

Kamishna akasimama. "Hakina jina?"

"Mama Gudruna anasoma kila kitu."

Kamishna akaingia ndani mwenyewe. Akamvua Makame kibao, akakivaa shingoni ili mikono yote miwili iwe huru, akatoa kalamu, akainama juu ya lile kochi la magunia akaanza kuandika cheo chake, ambacho kilikuwa kirefu. Alipofika kwenye neno la tano, Makame alikuwa ameshatoka nje. Bi Siwema akarudisha mlango taratibu, kama mtu anayefunika chungu, na akafunga waya.

Makame akabaki amesimama kwenye mwanga, amekunja macho. Afande Kibwana alikuwa kwenye stuli yake, daftari gotini. Akamtazama Makame, akamtazama Bi Siwema, akatazama daftari.

"Afande," Bi Siwema akasema, "leo mna vielelezo vingapi vyenye kupumua?"

"Kimoja. Nilikipokea kimoja."

"Na ndani kimo kimoja?"

Afande Kibwana akasogea, akachungulia kwenye upenyo, akarudi akakaa. "Kimo kimoja. Kina kibao."

Mlango ukaanza kugongwa. "Kibwana! Fungua, mimi ni Kamishna."

"Kielelezo hakigongi mlango," Afande Kibwana akasema bila kuinua macho. "Tulia, saa sita inakaribia, utaiharibu mizani."

Sauti ya ndani ikajaribu kwa ukali, ikajaribu kwa upole, ikaahidi cheo. Afande Kibwana akakumbusha kwamba cheo hutolewa kwa barua. Na huko uwanjani brasbendi ilikuwa imeshaanza, na ukishaanza wimbo wa taifa la kule, hata ng'ombe hasikiki.

Saa sita ikagonga. Mizani ikajipima. Miji mikuu mitatu ikapokea habari kwamba shehena imeongezeka kilo thelathini na nane kwa mpigo mmoja, na Mama Gudruna, aliyekuwa ameshika simu yake uwanjani, akafuta chozi. Kisha funguo tatu zikaingizwa katika tundu tatu, zikazungushwa kwa kuhesabu, na mlango wa ushirikiano ukafunguka kwa mara ya kwanza.

Watu wakaona magunia yamepangwa vizuri, na kochi, na juu ya kochi Kamishna Mkuu Tabaruki ameshika kalamu, na kibao shingoni.

Mama Gudruna akamsogelea, akasoma kwa sauti. "Kielelezo namba mia tatu na kumi na mbili. Kimekamatwa na Kamishna Mkuu, Mheshimiwa, Mpambanaji." Akainua uso. "Mheshimiwa, umekamatwa na nani?"

Kamishna alitazama nyuma, mlango umefungwa. Akatazama mbele, kamera. Hakuwa amefika alipofika kwa kukosa la kusema.

"Na mimi mwenyewe," akasema. Akasimama, akavuta pumzi, na maneno yakamjia kama yalivyomjia siku zote. "Ndugu wananchi, marafiki wa nje. Katika vita hivi hakuna aliye juu ya sheria. Nimekamata wadogo, nimekamata wa kati, nikajiuliza, Tabaruki, mbona hujafika juu? Leo nimefika. Nimejikamata."

Uwanja ukaripuka kwa makofi. Wajumbe wa Nchi ya Jibini walikumbatiana. Mjumbe wa Nchi ya Saa akaandika kwamba kwa miaka arobaini ya kazi hajaona utashi wa kisiasa wa kiasi hicho.

"Lakini uko kwenye orodha ya kuteketezwa," Mama Gudruna akasema, kwa sababu alikuwa mtu wa orodha.

"Hilo," Kamishna akajibu haraka, "linahitaji kikao."

Likakubaliwa. Kielelezo namba 312 kisichomwe mpaka nchi tatu zikutane, na mpaka hapo kibaki ghalani, kikiwa na uzito wake, chini ya kufuli la ushirikiano. Yale magunia yakatolewa, yakamwagiwa mafuta ya taa, yakatiwa moto. Magunia yakaungua. Kilichokuwemo hakikuungua. Wakaongeza mafuta, hakikuungua, kiling'ara tu. Wataalamu wakakaa pembeni, wakatoka na tamko kwamba nchi hiyo imegundua aina mpya ya dawa za kulevya isiyoshika moto, na kwamba ni hatari kwa ulimwengu mzima, na kwamba irudishwe ndani haraka. Ikarudishwa kwa mabeleshi, kilo kwa kilo. Kufuli likafungwa. Funguo zikapanda ndege.

Bi Siwema na Makame hawakungoja hotuba za kufunga. Walishapita kwa muuza mkaa, Makame akashika ndoana kwa mkono mmoja tu, kwa kujidai. Kutoka hapo mpaka nyumbani kulikuwa na kona tatu, na kila kona ilikuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake la zamani. Kwenye kona ya kwanza Makame alishika mkono wa mama yake. Kwenye ya tatu ulikuwa unamuuma, lakini Bi Siwema hakuutoa.

Asubuhi ya Jumatatu Makame alikataa kubaki nyumbani peke yake. "Nakwenda nawe kazini, Mama. Kule kumezoeleka." Wakafika uani wakakuta watu. Kina mama kumi na wanne, kila mmoja amemshika wake mkono, huyu binti, huyu mume, huyu mtoto wa kaka, na kila mmoja ana karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkaa. Arobaini na nne. Hamsini na moja. Thelathini na tisa.

"Bi Siwema," wa kwanza akasema, "tumesikia mnapokea."

Mwanasheria wa idara ndiye aliyekuwa akikaimu, na alikuwa amesimama mlangoni, uso wa majivu. Kamishna mle ndani alikuwa amegoma kula uji kwa siku mbili. Jana kilo moja imeshuka, ikafidiwa kwa mchanga wa mwisho uliobaki uani, leo inashuka ya pili, na hakuna mchanga, na saa sita inakuja.

Akawatazama kina mama. "Mna kilo?"

Karatasi kumi na nne zikainuliwa.

Afande Kibwana akafungua ukurasa mpya. Makame akaingia kwanza, bila kibao, na sindano yake ya magunia, akaanza kutandika vitanda, na akawaonyesha pa kutapikia na pa kulilia, na akawaambia mapema, kuwapunguzia kazi, kwamba wasisumbuke kutoboa magunia. Siku hiyo saa sita miji mikuu mitatu ilipokea ongezeko la kilo mia sita na hamsini. Wakaandikiana barua kwamba vita vinakwenda vizuri mno, na kwamba mahali pengine pote ulimwenguni paige.

Bi Siwema akaweka kigoda chake mlangoni, akachota uji.

"Bi Siwema," ikaita sauti nzito kutoka nyuma kabisa, kwenye kochi. "Mimi naomba chai. Na nitoke. Kwani nitatoka lini?"

"Kunywa uji kwanza, mwanangu, unapungua," Bi Siwema akasema, akapenyeza kata. "Hilo jingine litafikiriwa."